Alikamatwa, Halafu? Kuandika Tuhuma katika Wasifu wa Mtu Aliye Hai
Hotuba kwa wahariri wa kujitolea wa Wikipedia ya Kiswahili

Ndugu wahariri, shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo.

Tuanze na sentensi moja ya kubuni, ya aina mnayokutana nayo kila wiki: "Mwaka 2019 alikamatwa kwa ufisadi wa shilingi bilioni mbili." Ina tanbihi ya gazeti na kisarufi haina kasoro. Hata hivyo ina makosa manne.

Kwanza, "alikamatwa kwa ufisadi" inamwambia msomaji kwamba ufisadi ulitendeka na mhusika akakamatwa kwa sababu hiyo. Neno "kwa" limeshatoa hukumu. Pili, ufisadi ni neno la barabarani na la jukwaani. Hati ya mashtaka hutaja kosa: kupokea rushwa, matumizi mabaya ya madaraka, kuisababishia mamlaka hasara, utakatishaji fedha. Tatu, haijulikani nani alimkamata. Nne, sentensi imesimama mwaka 2019 na haijasogea. Mtu alikamatwa, halafu? Mengine yote nitakayosema leo yanazunguka swali hilo.

Mfano huohuo ukiandikwa kwa haki ungesomeka hivi: "Machi 2019 Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) ilimfikisha katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, akasomewa mashtaka mawili ya matumizi mabaya ya madaraka, akayakana. Septemba 2021 mahakama iliona hana kesi ya kujibu na kumwachia huru." Sentensi zimekuwa mbili, lakini kila tukio lina mtendaji na tarehe, na mwisho wake unajulikana.

Kanuni za wasifu wa watu walio hai zilizaliwa na tukio la Marekani. Mei 2005 mtu asiyejitambulisha aliandika katika makala ya Kiingereza ya mwanahabari John Seigenthaler kwamba aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya John F. Kennedy na ya Robert Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu, tena dhidi ya mtu aliyewahi kuwa msaidizi wa Robert Kennedy mwenyewe. Ulikaa takriban miezi minne, na tovuti nyingine zinazonakili Wikipedia zikaubeba. Novemba mwaka huo Seigenthaler aliandika kuhusu jambo hilo katika gazeti la USA Today, na mwezi uliofuata Wikipedia ya Kiingereza ikaanza kuandika sera yake ya wasifu wa watu walio hai. Aprili 2009 bodi ya Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, ilipitisha azimio la kuitaka miradi yake yote, kwa lugha zote, izingatie jambo hilo. Kwa hiyo nasi tumo, hata kama wakabidhi wetu, yaani wasimamizi wa tovuti, ni wachache na makala zetu nyingi bado ni mbegu, fupi mno.

Uchache huo ni hatari ya peke yake. Makala ya Kiingereza ya rais au mchezaji maarufu hutazamwa na mamia ya wahariri, na uongo ukiingia asubuhi huenda usifike mchana. Makala ya Kiswahili ya mkuu wa wilaya wa zamani yaweza kukaa miaka miwili bila mtu kuifungua kwa nia ya kuihariri. Lakini wasomaji wapo, na ukitafuta jina lake katika intaneti makala hiyo hutokea juu kabisa.

Kabla ya kuandika neno lolote la tuhuma, jiulizeni kimyakimya maswali mawili kuhusu mhusika wenu. Je, huyu ni kiongozi au mtu mashuhuri kweli, au aliandikwa mara moja tu kwa sababu ya tukio moja? Waziri, mbunge, mkurugenzi wa shirika la umma, msanii anayejaza viwanja: hao tuhuma dhidi yao zikiripotiwa na vyombo kadhaa vinavyoaminika huwa sehemu ya historia yao, wapende wasipende. Mwalimu wa shule aliyepata umaarufu kwa video moja hayumo humo. Kwa mtu wa namna hiyo, tuhuma ya jinai iache nje mpaka mahakama imtie hatiani, na hata hapo jiulize kama anahitaji makala.

Swali la pili: tuhuma hii ina uhusiano gani na sababu ya yeye kuandikwa? Waziri wa fedha anayetuhumiwa kuhusu zabuni, uhusiano upo wazi. Waziri huyohuyo akigombana na mtalaka wake juu ya kiwanja, gazeti la udaku litauza nakala, lakini makala yetu haina haja nayo.

Sasa vyanzo. Mnavijua vile visivyofaa: picha za skrini, ujumbe uliosambazwa WhatsApp, sauti iliyorekodiwa isiyojulikana ilikotoka, akaunti zisizo na jina. Wengi hunaswa kwenye hesabu ya vyanzo. Mhariri analeta tanbihi tano, mbili za magazeti na tatu za blogu, anasema habari imethibitishwa mara tano. Ukizisoma unakuta aya zilezile, hata kosa la tahajia la jina la kijiji ni lilelile. Hicho ni chanzo kimoja kilichovaa kanzu tano. Tafuta aliyeandika kwanza, kisha tafuta chombo kingine ambacho mwandishi wake alikwenda mahakamani au aliwahoji wahusika mwenyewe. Usipompata wa pili, na tuhuma ni nzito, subiri. Ensaiklopidia haina habari ya kuwahi.

Hukumu za mahakama siku hizi zinapatikana bure, kwa Tanzania kupitia tovuti ya TanzLII na kwa Kenya kupitia ile ya Kenya Law. Ni hazina, na pia ni mtego. Mwiko wetu ni huu: usichimbue hukumu au hati ya mashtaka ukaibua tuhuma ambayo hakuna chombo kilichoiandika. Hukumu ina kurasa sitini, ina maneno ya mashahidi ambao jaji hakuwaamini, na asiye mwanasheria huweza kunukuu hoja ya upande wa mashtaka akidhani ni uamuzi wa jaji. Habari ikiwa tayari imeripotiwa, hukumu yaweza kusaidia kuhakiki tarehe, jina la kosa na namna shauri lilivyoisha. Isizidi hapo.

Nataka tukae zaidi kwenye lugha, maana Kiswahili kina mitego yake ambayo mwongozo wa Kiingereza hauwezi kutusaidia.

Chukueni "alishtakiwa". Mtu akipelekwa kortini na Jamhuri kwa wizi, alishtakiwa. Jirani akimdai fidia ya ukuta uliobomoka, watu husema pia alishtakiwa. Msomaji atawaza jinai. Andika "alifunguliwa kesi ya jinai" au "alifunguliwa kesi ya madai", na useme aliyeifungua ni nani.

"Aliachiwa" ndilo baya kuliko yote. Aliachiwa kwa dhamana? Aliachiwa na polisi bila kufunguliwa shauri? Aliachiwa kwa sababu mashtaka yameondolewa? Au mahakama ilisikiliza ushahidi wote ikaona hana hatia? Ni hali nne zilizo mbali kama Kigoma na Tanga, na neno ni moja. "Kesi ilifutwa" nalo ni hivyohivyo: nani aliifuta, na kwa nini?

"Alihukumiwa" linabeba kutiwa hatiani na kupewa adhabu kwa pamoja. Vitenganishe, kwa kuwa rufaa yaweza kupunguza adhabu huku hatia ikibaki, au kubatilisha vyote viwili. Na "alihojiwa na polisi" si tuhuma hata kidogo. Shahidi huhojiwa, hata mlalamikaji huhojiwa.

Kuna vitenzi vinavyotoa hukumu huku mwandishi amelala. "Alifichua kwamba" na "ilibainika kwamba" vinathibitisha kilichosemwa. "Alikiri kukutana na mfanyabiashara huyo" kunageuza mkutano kuwa dhambi, wakati mtu alisema tu kwamba walikutana. "Alinaswa", "aliumbuka", "alitumbuliwa" viacheni magazetini. Mnapokuwa na shaka, "alisema" halijawahi kumdhulumu mtu.

Na "inadaiwa", "inasemekana", "duru za kuaminika". Wengi hudhani maneno haya ni kinga, kwamba ukishaandika "inadaiwa" umetimiza haki. Kinyume chake, yanamficha anayedai. Msomaji hawezi kupima uzito wa dai bila kujua kama limetoka kwa mkaguzi wa serikali, kwa mpinzani wake wa kisiasa wiki mbili kabla ya kura za maoni za chama, au kwa mfanyakazi aliyefukuzwa. Kila mnapoona kitenzi cha kutendwa kisicho na mtendaji katika sentensi ya tuhuma, simameni. Mtendaji akipatikana, mtajeni. Asipopatikana, ondoeni sentensi.

Jambo dogo la kikanda: Wakenya huandika "mshukiwa" na "alipatikana na hatia", Watanzania "mtuhumiwa" na "alitiwa hatiani". Yote ni sawa, msigombane. Lakini mtuhumiwa ambaye amekwisha kusomewa mashtaka ni mshtakiwa, na akiachiwa huru haitwi tena lolote kati ya hayo. Ni mtu na jina lake.

Kwa hatua za shauri, hakuna darasa zuri kama kesi za Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC. Tarehe 15 Desemba 2010 mwendesha mashtaka Luis Moreno Ocampo alitaja watu sita kuhusiana na ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Ukisoma makala za watu hao katika lugha mbalimbali, utakuta sentensi moja iliyorudiwa kwa wote: alishtakiwa ICC, kesi ikafutwa. Ukweli ni kwamba njia zilikuwa tatu.

Tarehe 23 Januari 2012 majaji wa hatua ya awali walikataa kuthibitisha mashtaka dhidi ya Henry Kosgey na Mohammed Hussein Ali. Hao wawili hawakufika kwenye kesi yenyewe. Kwa Francis Muthaura na Uhuru Kenyatta mashtaka yalithibitishwa, kisha mwendesha mashtaka mwenyewe akayaondoa, ya Muthaura Machi 2013 na ya Kenyatta Desemba 2014, akisema hana ushahidi wa kutosha. Mahakama ilifunga rasmi shauri la Kenyatta Machi 2015. William Ruto na Joshua arap Sang ndio pekee ambao kesi yao ilianza kusikilizwa, na tarehe 5 Aprili 2016 majaji wawili kati ya watatu waliamua isiendelee. Uamuzi huo ulisema pia kwamba haumzuii mwendesha mashtaka kufungua mashtaka upya siku za mbele.

Basi mtaandikaje? "Aliachiwa huru baada ya kuonekana hana hatia" ni uongo wa kumpendelea Ruto, kwa sababu hukumu ya namna hiyo haikutolewa. "Aliponea chupuchupu" ni uongo wa kumwonea. "Majaji walisitisha kesi kwa wingi wa kura, bila kuzuia mashtaka kufunguliwa upya" ndivyo ilivyokuwa. Ni sentensi kavu, na kwa kazi hii ukavu ni sifa. Wanaompenda na wasiompenda wataisoma na wote watanung'unika kidogo.

Nyumbani Tanzania mna mfano wa kila siku. Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) akiwasilisha taarifa kwamba hana nia ya kuendelea na shauri, chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mshtakiwa huachiwa, lakini kuachiwa huko si kinga kamili dhidi ya kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Usiandike kwamba alishinda kesi, wala usiweke mkia wa "hata hivyo anaweza kukamatwa wakati wowote", maana huko ni kumtisha. Andika kwamba DPP aliondoa shauri, na tarehe.

Nje ya mahakama mambo huwa na ukungu zaidi. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huzungumzia taasisi na hesabu zake. Hati yenye mashaka kwa halmashauri, yaani maoni ya mkaguzi kwamba hesabu zake zina dosari, si tuhuma dhidi ya mkurugenzi wake, mpaka taarifa yenyewe imtaje. Uteuzi "kutenguliwa" ni uamuzi wa mamlaka ya uteuzi, na mara nyingi hautolewi sababu. Andika tarehe na aliyechukua nafasi. Mkilazimika kutaja maelezo ya magazeti kuhusu sababu, yawe kwa jina la gazeti.

Kamati za Bunge nazo si mahakama. Tarehe 7 Februari 2008 Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu baada ya kamati teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kuwasilisha ripoti kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Lowassa alilalamika bungeni kwamba kamati haikumhoji. Hakufikishwa mahakamani kwa suala hilo. Mambo hayo matatu, ripoti, kujiuzulu na malalamiko yake, lazima yakae pamoja. Ukiondoa moja umeandika wasifu wa mtu mwingine. Alifariki Februari 2024. Mtu akifa, hadhari hii haiishi siku ya mazishi: sera ya Kiingereza inaruhusu iendelee kwa kati ya miezi sita na miaka miwili, kwa ajili ya waliobaki.

Mhusika akikana, kukana kwake kuandikwe, na kuandikwe karibu na tuhuma, si aya tatu chini. Neno "alikana" mara nyingi linatosha. Haki haipimwi kwa rula, eti mistari minne ya tuhuma ijibiwe na mistari minne ya utetezi. Mahakama ya mwisho ikishamtia hatiani, msitumie kukana kwake kuipunguza hukumu. Na ile kauli ya magazeti, "simu yake iliita bila kupokelewa", isiingie kabisa. Kutopokea simu si ushahidi wa lolote.

Uzito. Makala yenye maneno 300, 220 kati yake yakiwa chini ya kichwa "Kashfa", si wasifu tena. Hapa mhariri mwingine huleta hoja kwamba kila sentensi ina chanzo, na ni kweli. Dawa yake ni mbili: ama makala ipanuliwe, elimu, kazi, nyadhifa, ili tuhuma zipate kimo chake, ama tuhuma zipunguzwe hadi sentensi mbili tatu. Kwa kawaida mfanye yote mawili. Kichwa "Kashfa" au "Utata" kiondoeni. Tuhuma ya mwaka 2015 ikae katika maelezo ya cheo alichokuwa nacho mwaka 2015. Aya ya kwanza ya makala, ile inayonakiliwa na mitambo ya kutafuta, isitaje tuhuma isipokuwa ndiyo iliyoamua mkondo wa maisha yake ya umma, kama kumwondoa madarakani.

Anayetuhumu na anayetajwa kuwa mwathirika hawakuomba kuandikwa. Katika tuhuma za kingono, jina la mlalamikaji lisiwemo, na msitoe maelezo ya kumtambulisha kwa mlango wa nyuma: ofisi aliyofanya kazi, chuo, mwaka aliohitimu. Watoto kamwe. Mke, mume na ndugu wa mtuhumiwa wanatajwa tu kama nao walishtakiwa.

Wengi wenu mnatafsiri makala kutoka Kiingereza, na programu za kutafsiri zimerahisisha kazi. Lakini mnatafsiri makala ya siku hiyo. Ya Kiingereza itasahihishwa rufaa ikitoka. Yenu itabaki na hukumu iliyokwisha kubatilishwa. Programu nazo hupoteza maneno ya tahadhari, na aliyedaiwa kutenda hutokea ametenda. Aya za tuhuma ziandikeni upya kwa mkono kutoka kwenye vyanzo. Ikiwa hamna muda huo, tafsirini makala bila aya hizo. Kuziacha nje si kumficha mtu, ni kukiri kwamba hujamaliza kazi.

Sasa, malalamiko. Akaunti mpya, bila maelezo, inafuta aya nzima ya tuhuma. Mkono hukimbilia kuirejesha aya hiyo. Usirejeshe kwanza. Huenda ni mhusika mwenyewe au mwanawe, na huenda ana haki. Soma aya iliyofutwa kana kwamba inamhusu mjomba wako, fungua kila tanbihi, angalia kama kiungo bado kinafanya kazi na kama kinasema kilichoandikwa. Kisichothibitika kibaki kimefutwa. Kinachothibitika kirudishe, kikiwa kimenyooshwa, na ueleze katika ukurasa wa majadiliano kwa adabu: sisi tunaandika kilichochapishwa na vyanzo hivi, ukiwa na hukumu au masahihisho yaliyochapishwa tuletee. Mwelekeze pia kwenye anwani ya barua pepe ya watu wa kujitolea wanaojibu malalamiko, kwa sababu ukurasa wa majadiliano unasomwa na dunia nzima. Usimtishie kufungiwa, na usimwambie kwamba kulalamika kwake kunaonyesha jambo.

Tuhuma ikiwa haina chanzo, iondoe mara moja, bila kuweka kigezo, yaani alama ya tahadhari, cha "inahitaji chanzo" na kusubiri. Katika Wikipedia ya Kiingereza kuondoa maneno ya aina hiyo hakuhesabiwi hata katika kikomo kinachomkataza mhariri kutengua maandishi ya wenzake zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 katika ukurasa mmoja. Matusi na uongo wa wazi mwombe mkabidhi auondoe kwenye historia ya ukurasa pia, kwa kuwa toleo la zamani bado linasomeka na lina kiungo chake.

Kumbukeni pia kwamba aliyebonyeza kitufe cha kuhifadhi ni wewe, na unaishi mahali penye sheria. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kenya ina ya kwake ya 2018. Mahakama Kuu ya Kenya iliondoa kashfa ya jinai, yaani kosa la kumchafulia mtu jina, katika Kanuni ya Adhabu mwaka 2017, lakini kesi ya madai ya kashfa ipo palepale.

Nimalizie na swali letu: alikamatwa, halafu? Acheni kuandika "kwa sasa kesi inaendelea". "Sasa" ya nani? Andikeni "hadi Juni 2023 kesi ilikuwa ikisikilizwa". Ukishaandika hivyo, weka makala katika maangalizi yako, orodha ya kurasa unazozifuatilia, na weka ukumbusho kwenye simu wa miezi sita. Siku hiyo tafuta jina la mhusika pamoja na maneno "rufaa", "aachiwa huru", "DPP", "atiwa hatiani". Magazeti huweka kukamatwa ukurasa wa kwanza na kuachiwa ukurasa wa tisa, kwa hiyo tafuteni kwa subira, hata katika magazeti ya mkoa.

Na kwa zile za zamani, fungueni jamii ya Watu walio hai, kundi linalokusanya makala zao, mtafute maneno "alikamatwa", "anatuhumiwa" na "kesi inaendelea". Kila mmoja achukue makala kumi. Mwisho wa shauri ukipatikana, uandikwe. Usipopatikana baada ya utafutaji wa kweli, na miaka mitano imepita, punguza tuhuma iwe sentensi moja yenye tarehe. Ikiwa ilisimama juu ya chanzo kimoja tu, iondoe, na uandike sababu katika ukurasa wa majadiliano ili atakayekuja baada yako asiirudishe.

Asanteni.